Neno la Kichwa cha Kumi na Mbili

Dandora, Nairobi
17 Mei 1981

Kwako Mwaitu,

Pokea salamu zangu, nyingi kama vumbi la Dandora, ambalo unalijua mwenyewe. Nikikuita Mwaitu mbele za watu hapa hucheka, wanadhani mzee amerudi kumlilia mama yake. Hawajui kwamba ni wewe uliyebeba jina lake. Mimi ni mzima. Mgongo unauma palepale unapouma kila mwaka. Shamso wa duka anakusalimu, na amenipa kipande cha sabuni nikutumie, lakini nimejaribu na bahasha imekataa kufunga.

Nina shida, mwanangu, na shida yenyewe ni ya Kiingereza. Usicheke.

Yule mama mwenye duka la vinyago mjini, anayenunua kazi zetu pale karakanani, hataki tena twiga wala vifaru. Anasema wageni wamejaza twiga majumbani mwao mpaka wamechoka. Sasa anataka vichwa vya watu, kumi na viwili, kila kimoja na hali yake ya moyo. Na chini ya kila kichwa kibandikwe karatasi yenye neno moja la Kiingereza la kueleza mtu huyu yukoje. Vichwa havinisumbui, mikono inavijua. Neno ndilo sina. Kiingereza changu ni cha kuuzia tu: "good", "very good" na "last price". Mtu wa kwanza nitamwita "good", wa pili "very good", na wa tatu, maskini, atabaki kuwa "last price".

Dishon, tunayekaa naye bega kwa bega kazini, amejitia kunisaidia. Amesema wote wanaocheka ni "happy", na wote wasiocheka ni "angry", basi, kazi imekwisha. Nikamwambia, Dishon, wewe mwenyewe una hasira aina nne kabla ya chai ya saa nne. Amenuna tangu Jumanne. Nimeona nisipoteze bahati, nimemchonga hivyohivyo akiwa amenuna.

Unajua, hasira haikai kwenye meno kama wanavyodhani wanaoanza kazi. Inakaa kwenye kope. Mtu anaweza kucheka kwa mdomo na kope zikabaki matangani. Hayo yote nayaona na kuyachonga, lakini sina jina la kuyaita. Basi niandikie wewe maneno, kila neno kwenye kipande chake cha karatasi, kwa mwandiko wako ule wa herufi zinazolala. Vichwa vikipanda ndege kwenda ng'ambo, nataka viende na mkono wako.

Chumba cha pili cha nyumba yetu kimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Ukija Agosti utalala chini ya mabati mapya.

Ni mimi baba yako,
Matheka


Shuleni, Kitui
28 Mei 1981

Mpendwa Baba,

Hujambo wewe na vumbi lako? Huku tuna mchanga wa mto, na mwaka huu ni mwingi kuliko maji. Nakusalimu kwa kipimo hicho.

"Last price" imenichekesha mpaka msichana wa kitanda cha juu akainamisha kichwa akaniuliza, "Sasa, buda wako amekuandikia nini tena?" Nikamsomea. Bweni zima sasa linakujua.

Nilimpelekea Mwalimu Muturi shida yako, yule wa Kiingereza. Alifurahi kuliko anavyofurahia insha zetu. Alinifundisha jambo ambalo hata mimi sikulijua. Alisema maneno ya kueleza watu yako mafungu mawili. Kuna neno la hali, ambalo ni koti: mtu amelivaa asubuhi, jioni amelivua. Na kuna neno la tabia, ambalo ni ngozi. Akasema makosa ya wengi ni kuona koti wakaandika ngozi. Basi kabla hujabandika, Baba, jiulize kwanza huyu umemwona akiwa na koti au umeona ngozi.

Vipande vyenyewe hivi hapa, nimevifunga kwa uzi. Nimevigawa kwa watu wetu ili usisahau.

"Grumpy" ni ya Dishon. Maana yake mtu wa kununa na kunung'unika, hata chai ikiwa tamu.

"Cheerful" ni ya Shamso. Mchangamfu, anayekusalimu ukiwa bado uko mbali.

"Stubborn" ni yako, na usibishe, maana ukibisha utakuwa umethibitisha. Maana yake mkaidi. Miwani ya kusomea umenunua?

"Haughty" ni ya Ndanu, yule fundi cherehani anayepanga ploti ya ng'ambo ya njia. Maana yake mwenye kiburi, anayekutazama kama yeye yuko ghorofani na wewe uko mtaroni. Hilo ni neno la ngozi, Baba, na ushahidi ninao. Unakumbuka sufuria kubwa ya Mama, ile ya mpini uliochomelewa? Mama alimpelekea Ndanu muthokoi wa mahindi na mbaazi ndani yake wiki ile kabla ya kulazwa. Kwetu chombo hakirudi kitupu, hata kama ni kwa chumvi kidogo, hata kama ni kwa limau moja. Mama alipokwisha kuzikwa, Ndanu alikuja mlangoni, akanipa sufuria mkononi ikiwa tupu, imesuguliwa inang'aa, akageuka akaenda zake. Hakunitazama usoni. Hakusema pole. Nilisimama pale na sufuria tupu ya Mama, na mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Sijasahau.

Na kwa kuwa nimemtaja Mama. Shangazi ameniandikia kutoka Masii kwamba wazee wanasema mwanamume hawezi kukaa peke yake namna hiyo. Wao waseme. Wewe unajua nililokuambia siku ya mazishi na sijalibadilisha: siku mwanamke mwingine atakapowasha jiko la Mama, mimi sitakanyaga tena Dandora. Nakupenda sana, ndiyo maana nakukumbusha.

Yaliyobaki yameandikwa maana nyuma kwa penseli. Maneno ni kumi na moja. La kumi na mbili uniambie unamchonga nani.

Binti yako,
Kanyiva


Dandora
7 Juni 1981

Mwaitu,

Barua hii naandika nikijua huenda nisiitume. Acha kwanza niiandike, halafu mkono utaamua.

Mimi na Ndanu tumeelewana. Nimelisema. Haikuanza jana, wala haikuanza mama yako akiwa hai, Mungu ni shahidi. Ilianza mwaka jana nilipougua malaria, na hapakuwa na mtu. Kaka yangu Ngui amekwisha kusema na ndugu za Ndanu wa Mwala, na mbuzi watatu wa ntheo, wa kuposea, wamefungwa kule nyumbani wakingoja niseme neno. Ukisema hapana, mbuzi watarudi malishoni na mimi nitabaki nilivyo. Sitakupoteza wewe kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini nikikaa jioni na redio naona nitazeeka nikizungumza na msoma habari.

Hilo la sufuria sikulijua. Miaka miwili umelibeba na mimi sikuwa na habari, nami ndiye ninayejidai kusoma nyuso. Sijui kwa nini alifanya vile. Naogopa kumwuliza, maana naweza kusikia jibu baya.

Naogopa. Andika na hilo kwa Kiingereza, kama lina neno lake.

Hapana, hii haitoki hapa. Naiweka chini ya patasi.

Baba


Dandora
8 Juni 1981

Kwako Mwaitu,

Maneno yamefika, nami nimeyabandika kumi. Dishon amesoma lake akauliza maana, nikamwambia ni mtu wa kufikiri sana. Sasa anatembea kifua mbele. Shamso amecheka mpaka wateja wakangoja. Langu nimelibandika chini ya kichwa changu bila kubisha hata kidogo, kwa hiyo umeshindwa. Miwani sijanunua.

Lile la "haughty" nimeliweka kando. Sijapata uso wake.

Kichwa cha kumi na mbili ni jirani mmoja, na yeye ndiye amenitoa jasho. Kila nikimchonga akicheka, si yeye. Nikimchonga ametulia, anafanana na aliyelala. Nimeharibu vipande viwili vizuri vya mti wa muhugu. Basi sitakuambia uso wake ukoje, nitakuambia matendo yake, na wewe unipe neno.

Mtu huyu akikuona una huzuni hakuulizi una nini. Anakuja karibu na kazi yake ya mikono, anakaa, anafanya kazi yake, wewe unafanya yako, na baadaye unaona mzigo umepungua. Nilipokuwa na homa mwaka jana, kazi yake ina kelele, akaihamishia nyuma ya duka la Shamso siku nne kwenye jua ili mimi nipate usingizi. Hakuniambia. Niliambiwa na Shamso. Na kila mwisho wa mwezi ndiye anayenikumbusha, "Mtoto umemwandikia?"

Mtu wa namna hiyo wanamwitaje?

Baba yako,
Matheka


Shuleni, Kitui
19 Juni 1981

Mpendwa Baba,

Nilisoma barua yako mara mbili, halafu nikampelekea Mwalimu Muturi ile sehemu ya jirani. Alinipa "kind", nikakataa, nikamwambia baba yangu hatapoteza vipande viwili vya muhugu kwa neno la darasa la nne. Tukakaa na kamusi mpaka kengele ya chakula.

Neno ni "considerate". Maana yake mtu ambaye kabla ya kutenda jambo hujiuliza kwanza jambo hilo litaangukia moyo wa nani, na vipi. Si mpole tu. Mpole anaweza kuwa mpole kwa sababu hajali. Huyu anajali, ila hajionyeshi. Nimeliandika mara tano nikichagua lililotoka vizuri. Mwalimu asema hilo ni la ngozi, kwa sababu mtu hawezi kukaa juani siku nne kwa ajili ya koti.

Ni nani, Baba? Nimefikiria nyumba zote za njia yetu na sikumpata. Ni mpangaji mpya? Ni yule mzee Gedi wa kuchomea milango? Huyo ana kelele kweli. Yeyote awaye, mimi nampenda kabla sijamwona. Nilikuwa nikilala hapa nikikuwaza na homa yako na hakuna hata wa kukupa maji. Kumbe alikuwepo mtu. Mwambie Kanyiva anamshukuru. Na wewe mtu wa aina hiyo usimwache akapotea, maana ukaidi wako naujua.

Mtihani unaanza wiki ijayo. Niombee Hesabu, Kiingereza najiombea mwenyewe.

Binti yako,
Kanyiva


Dandora
28 Juni 1981

Kwako Mwaitu,

Nimekaa na barua yako siku tano mfukoni. Nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nakuibia.

Jirani wa kichwa cha kumi na mbili ni Ndanu. Kazi yenye kelele ni cherehani yake. Kichwa kimekamilika. Nilipopata neno lako nilijua kosa langu, nilikuwa nikitafuta uso wake akinitazama, na yeye ni mtu wa kutazama kazi yake. Nikamchonga ameinama. Kimekuwa yeye. Neno lako nimelibandika chini.

Sikukudanganya kwa mchezo, mwanangu. Nilitaka umsikie bila jina lake, kwa sababu jina lake kwako limeshikana na sufuria. Sasa nina maneno mawili ya mtu mmoja, yote kwa mwandiko wako, na sijui lipi litoke.

Nataka kumwoa, nisije nikazeeka nikizungumza na redio. Mbuzi wako tayari kwa Ngui. Hawatakwenda Mwala mpaka wewe useme waende. Nimemwambia Ndanu hivyo, naye akasema, "Vizuri, mtoto kwanza."

Nijibu, hata kama ni kwa ukali.

Baba


Shuleni, Kitui
4 Julai 1981

Baba,

Ulinipa mtihani bila kuniambia ni mtihani. Nilimshukuru. Nilikuambia usimwache akapotea. Mwalimu wangu alikaa na kamusi kwa ajili yake. Umeniandikisha kwa mkono wangu mwenyewe ruhusa ambayo sikutoa.

Hata ungenitumia matendo mia, mimi niliona lile moja, na lilikuwa mikononi mwangu.

Nirudishie karatasi yangu. Siyo ya "haughty", hiyo ikae. Ile nyingine. Nataka uibandue uniletee hapa.

Agosti nitakwenda kwa Shangazi, Masii. Usinitumie nauli ya Nairobi.

Kanyiva


Dandora
12 Julai 1981

Kwako Mwaitu,

Karatasi yako hii hapa. Nimeilainisha kwa mvuke wa birika ili isichanike, imebaki na gundi kidogo pembeni, nisamehe. Nimeiweka kwenye bahasha ndogo ya kaki, ile ninayowekea misumari midogo, ili isikunjwe na barua.

Una haki ya kukasirika. Nilifanya kama fundi anayeficha ufa kwa rangi ya viatu. Mnunuzi akifika nyumbani ufa unaonekana, naye anajua ulijua.

Nimemwambia Ngui asimamishe. Mbuzi hawakujali. Ndanu nilimwambia kwa mdomo wangu, na hakulia wala hakuuliza mpaka lini. Aliuliza tu, "Mtoto ana nini na mimi?" Nikamweleza habari ya sufuria. Mwaitu, mimi nimechonga nyuso miaka ishirini na sita na sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Aliacha nguo ya mteja ndani ya cherehani akaingia ndani akafunga mlango.

Vichwa vimekwenda kumi, cha kumi na moja bado sijapata uso wake. Mama wa duka alinung'unika, nikamwambia cha kumi na mbili hakina neno, na bila neno hakiuzwi. Kipo kwenye rafu, nimekifunika kwa gunia.

Mabati yamepigwa. Chumba ni chako ukija na usipokuja. Nauli nakutumia ya Masii, kama ulivyotaka, na ya Nairobi pia, maana mimi ni yule uliyemwandika mwenyewe, mkaidi.

Ni mimi, na nitakuwa mimi siku zote,
Baba


Dandora
19 Julai 1981

Kwa Kanyiva, binti wa Nthoki,

Salamu. Mimi si mwandishi, nimesoma mpaka darasa la tano, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kama mshono wa shuka.

Baba yako hajui ninakuandikia. Shamso amenipa anwani ya shule yako.

Nimeliona lile neno la kwanza uliloniandikia. Nilimlazimisha baba yako anionyeshe na aniambie maana yake. Sikukasirika. Kwa uliyoyaona siku ile, hata mimi ningeliandika.

Sasa nisikilize. Sufuria ile ililetwa na mama yako Nthoki mwenyewe, amejifunga leso, ameshaanza kuchoka kutembea. Tulikula pamoja muthokoi ule, nikamcheka kwa kuweka mbaazi nyingi. Akaniambia, "Utairudisha wiki ijayo, na mimi nione wewe unawekaje." Wiki ijayo ilimkuta hospitali. Iliyofuata tulimzika.

Nilijua desturi, Kanyiva. Nililelewa nayo. Siku ile niliamka nikaloweka, nikachemsha, nikapika muthokoi nusu siku, nikaijaza ile sufuria mpaka juu kwa sababu nilikuwa na deni la kumwonyesha ninawekaje. Nikaibeba. Nikafika katikati ya njia, na kutoka pale nikamwona baba yako mlangoni amekaa kwenye kigoda, peke yake. Nikasimama palepale. Nikajiona. Mwanamke asiye na mume, amebeba chakula cha moto ndani ya sufuria ya marehemu, anampelekea mume wa marehemu, na udongo wa kaburi haujakauka. Wanawake wa bombani wangesema nini, hilo si kitu, wale husema hata mvua isiponyesha. Nilikuhofia wewe. Utafunua kifuniko cha mama yako, ukute ndani mkono wa mwanamke mwingine. Nilijiuliza, hilo litamfanya nini mtoto?

Nikarudi. Nikaimimina yote kwenye beseni. Nikaisugua sufuria kwa majivu mpaka nikaona uso wangu, maana niliona kama siwezi kukurudishia kitu, nikurudishie walau kilicho safi. Nikakuletea. Sikukutazama kwa sababu ningekutazama ningelia, na siku ile kulia kulikuwa haki yako, si yangu. Muthokoi ule nilikula peke yangu siku tatu, na kila siku ulikuwa na chumvi kuliko jana.

Nilidhani nimekukinga. Kumbe nimekupa uchungu ukaubeba miaka miwili. Nisamehe, mwanangu. Pole niliyostahili kukupa siku ile naitoa leo. Pole sana kwa mama yako. Alikuwa rafiki yangu.

Sikuandikii unikubali. Baba yako amekwisha kusimamisha mambo na mimi nimekubali, nguo za wateja zipo, siku zinakwenda. Nimeandika kwa sababu sitaki ukaolewe siku moja, ukawa na nyumba yako, na bado umeshika ile sufuria tupu.

Ndanu wa cherehani


Shuleni, Kitui
29 Julai 1981

Mpendwa Baba,

Naanza na wewe, halafu utamsomea Ndanu, na kama huoni vizuri bila miwani basi mpe asome mwenyewe.

Nilipata barua yake Jumamosi. Niliisoma kwenye foleni ya maji, nikatoka kwenye foleni. Nililia chooni kwa sababu ndipo mahali pekee hapa penye mlango. Jumatatu nilimwendea Mwalimu Muturi. Sikumweleza yote. Nilimwuliza tu, mtu akiona koti kwa dakika moja, akaandika ngozi, akakaa nayo miaka miwili, yeye anaitwaje? Akasema, "Anaitwa mtu wa miaka kumi na minne." Kisha akaniambia niende darasani.

Baba, alijiuliza litaangukia moyo wa nani. Ndivyo nilivyokuandikia maana ya lile neno, kwa mkono wangu, na kamusi mbele yangu. Nilikuwa nikieleza siku ileile ya sufuria na sikujua. Nimemkosea. Na wewe pia nimekukosea, ingawa wewe bado una kosa lako la kunificha, na tutalizungumza ana kwa ana, usidhani nimesahau.

Namkosa Mama. Nitamkosa siku zote, na naomba mtu yeyote asiniambie niache. Lakini mimi sikutaka uzeeke ukizungumza na redio.

Mwambie Ngui awafungue wale mbuzi waende Mwala.

Shule inafungwa Ijumaa ya tarehe saba. Nauli ya Masii nimempa msichana wa kitanda cha juu, yake ilipotea. Ile ya Nairobi ninayo. Nitafika mchana, na nitakuwa na njaa. Naomba nikute muthokoi ndani ya sufuria ya Mama, ile ya mpini uliochomelewa. Ndanu apike anavyoweka yeye. Nataka nione.

Bahasha hii ya kaki ni yako, ile ya misumari. Uliniletea ikiwa na kitu, nami nimelelewa na Nthoki, siwezi kuirudisha tupu. Fungua polepole. Ndani yake kuna lile neno, gundi yake ni ileile. Ondoa gunia, ulibandike mahali pake, na kichwa hicho usimuuzie mtu.

Lile neno lingine, lile nililokuambia likae, mpe Ndanu. Ni karatasi kavu. Awashie jiko la Mama.

Binti yenu,
Kanyiva